Nukta Iliyosimama Mkongeni

Mzee Muhsin Semboja wa Chanika, Handeni, alikuwa na malori matatu madogo aina ya Kenta, mke mmoja, dada mmoja na mtani mmoja. Kenta alizipenda, mke alimwogopa, dada alimheshimu kama mama mzazi, na mtani alitukanana naye kila siku iliyoletwa na Mungu, Ijumaa na Jumapili zikiwemo.

Mtani huyo alikuwa dereva wake wa tangu mwanzo, Yordani. Babu yake Yordani alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Ngombezi kukata mkonge kwa mkataba. Mkataba ukaisha, miguu ikagoma kurudi. Akaoa humo humo kambini, akazaa, na waliozaliwa wakazaa. Na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu zama za misafara, Mnyamwezi alipokuwa akipita na pembe za ndovu kichwani kuelekea pwani, na Mzigua amekaa kando ya njia anamcheka shingo. Kwa hiyo Semboja alimwita Yordani "mpagazi," na Yordani alimwita Semboja "mla bada," kwa ule ugali wa muhogo ambao Mzigua akiukosa siku mbili husahau jina la baba yake.

Utani wao ulikuwa wa kuuana. Yordani akifika asubuhi kuchukua gari, habishi hodi. Anajishika kichwa pale getini na kupiga ukunga: "Jamani ee! Mla bada kafa! Nimekuja kuchukua koti lake kabla ndugu hawajafika!" Majirani wapya walitoka mbio na khanga mabegani kuja kulia, wa zamani waligeukia upande wa pili wakaendelea kulala. Semboja naye hakukubali kushindwa. Mwaka mmoja alimpelekea Yordani sanda nzima kule Ngombezi, imekunjwa vizuri na kutiwa marashi. Yordani akaishona mapazia, na inasemekana tangu siku hiyo nzi wote wa Ngombezi walipita mbali na dirisha lile, kwa heshima.

Siku nyingine Yordani alipiga simu kutoka Misima, anahema, anaapa kwa Mungu wake na wa Semboja, kwamba chatu amemeza Kenta na mzigo wake wa machungwa, imebaki bampa ya nyuma tu. Semboja akamjibu, "Mwambie akimaliza kula abadilishe oili."

Na kulia, Yordani alijua kulia. Aliweza kumlilia mtu aliye hai mpaka mwenyewe akaanza kujipapasa. Machozi ya kweli, makamasi ya kweli. Mzee mmoja wa Misima alililiwa hivyo, akarudi nyumbani akaoga na kugawa kuku wake.

Sheria ya utani ni moja tu: mtani hakasiriki. Mchukulie jogoo wake, mvalie kofia yake, mtangazie msiba mbele ya wakwe. Akikunja uso ameshindwa, na utani umekufa.

Sasa dada. Bibi Mwanaisha alikuwa mkubwa kwa Semboja kwa miaka mingi, na mama yao alipofariki ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, akamlisha, akamchapa, akampeleka madrasa na shule kwa fimbo ile ile. Alikuwa mjane, anaishi peke yake Sindeni, hatua chache kutoka barabara ya lami, na michungwa yake ambayo aliijua kwa majina. Kuhamia Chanika alikataa. "Nije kukaa na watu wanaonunua mchicha?" alisema.

Kenta za mdogo wake zilipita mbele ya mlango wake zikienda Korogwe na zikirudi, na Yordani hakuwahi kupita bila kusimama. Alimshushia madumu ya maji, akampasulia kuni, akatukanwa, akala. Bibi Mwanaisha alimwekea bada chini ya kawa, akimtazama anavyoimeza kwa shida.

"Kula, mpagazi. Safari ya Tabora bado ndefu."

"Nakula ili nipate nguvu za kukuzika, bibi."

"Na siku hiyo usinitie aibu. Uingie kaburini kwangu ulale humo, uwagomee mpaka wakupe mbuzi. Wakikupa kuku, kataa."

"Kuku? Kwa maiti nzito kama wewe? Naanzia na ng'ombe."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeiita kitu chochote. Ilikuwa ni kusimama tu.

*

Biashara ikaanza kuchechemea. Malori makubwa yaliingia barabara ya Handeni na Korogwe yakibeba kwa safari moja kile ambacho Semboja alibeba kwa wiki. Dizeli ikapanda, matairi yakaisha upesi, na Semboja, aliyeanza na Kenta moja iliyokuwa ikiwashwa kwa kusukumwa na dua, aliona wazi kwamba mwaka mwingine wa namna hiyo Kenta zake zingebaki viota vya kutagia kuku.

Akaenda Korogwe kwa fundi mmoja kijana, Jonathan, aliyekuwa na kibanda cha redio za magari. Jonathan akamfungia jipiesi kwenye kila Kenta, kidude kidogo kama kiberiti kinachoonyesha gari liko wapi, akamwekea programu kwenye simu. Semboja akarudi Chanika na ramani kiganjani. Juu ya ramani zilitembea nukta tatu za kijani.

Tusikisingizie kidude, kazi kilifanya. Wiki ile ile kilimwonyesha kwamba Jacob, dereva wa Kenta ya pili, alikuwa akifika Korogwe kupitia Mombo, ambako ni sawa na kwenda chooni kupitia kwa jirani. Na huko Mombo gari lilipumzika nje ya nyumba ya mama mmoja muuza vitenge. Kilimwonyesha kwamba Deogratius, wa Kenta ya tatu, aliacha injini ikiunguruma bure sokoni toka asubuhi, kwa sababu alikuwa akichajia watu simu. Kikamwonyesha jambo kubwa zaidi ambalo halikuwa kosa la mtu: Kenta zote tatu zilikuwa zikiondoka Handeni pamoja, zinagombania mzigo mmoja, halafu zinarudi pamoja tupu, zimefuatana kama mbuzi wanaotoka kunywa maji. Semboja akazipanga upya. Hii itoke na mahindi asubuhi, irudi na saruji; ile isubiri machungwa ya mchana; ya tatu ilale Korogwe iwahi mzigo wa kwanza. Dizeli ikashuka. Matairi yakapata uhai. Mama Fatu, mkewe, akamwona mumewe akipiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Mtu akionja asali huchonga mzinga. Semboja alianza kwa kutazama simu asubuhi na jioni, akaishia kuitazama kati ya tonge na tonge. Alikaa barazani na miwani puani, akachora kwa kidole uzio kwenye ramani, mstari wa kufuata lami kutoka Chanika mpaka Korogwe, na gari lolote likitoa hata tairi nje ya mstari, simu ililia kama mtoto aliyefinywa. Madereva walipigiwa simu wakiwa vichakani wanajisaidia. "Jacob, hiyo ni haja gani ndefu hivyo? Umekula nini?"

Na kila Jumatatu programu ilimletea taarifa, na kila taarifa ilikuwa na mstari ule ule mwekundu: gari namba moja, Sindeni, kusimama bila kazi. Kwenda na kurudi. Semboja alijua pale ni wapi. Alijua kuliko ramani. Lakini angewezaje kumbana Jacob wa Mombo na kumwachia Yordani wa Sindeni? Akamwita.

"Mpagazi, kuanzia leo Sindeni hakusimamwi."

Yordani akacheka. Alipoona mwenzake hacheki, akasogeza kofia nyuma. "Hata kwa dada yako?"

"Dada yangu ana miguu, ana simu, ana majirani. Gari lina kazi. Nitakuwa namtembelea mwenyewe."

"Kwa nukta?"

"Toka hapa, kichwa cha mizigo wewe!"

Haukupita muda, Bibi Mwanaisha akapiga simu. "Muhsin, gari zako siku hizi zinapita hapa kama zimeiba. Kuna nini?"

"Ni ufanisi, dada."

"Huyo Ufanisi ndiye atakayekuosha siku ukifa?"

Semboja akacheka, akaahidi kwenda Ijumaa. Ijumaa Deogratius akakwama na pancha, Semboja akabaki anaifuatilia nukta yake. Ijumaa iliyofuata ikawa na jambo lake.

Yordani alilijibu katazo kwa njia ambayo mtani hujibu. Siku moja nukta ya Kenta namba moja iliondoka Sindeni ikaingia porini. Ikaenda polepole, ikasimama, ikazunguka, ikavuka korongo ambalo hata mbuzi hulivuka kwa kuandika wosia, ikakaa bwawani muda mrefu, kisha ikaingia vichaka vya miiba. Semboja alipiga simu, haipokewi. Akakodi bodaboda, akapigwa na matawi mpaka kanzu ikawa wavu, akatokea kwenye kundi la ng'ombe wa Wamasai. Mbele ya kundi, fahali mweusi mwenye nundu kama mlima wa Lushoto alikuwa amevaa shingoni kidude kile, kimefungwa kwa mkono wa shati kuukuu la Yordani. Morani aliyekuwa akichunga akamwambia kwa upole, "Mzee, umefuata gari lako? Linakula majani siku hizi." Na Kenta yenyewe, yeye alipokuwa porini, ilikuwa imeegeshwa Chanika, mbele ya geti la Semboja, imeoshwa mpaka inang'aa.

Handeni nzima ilicheka. Wagonjwa walicheka wakaomba chakula. Semboja naye alicheka, tena zaidi ya wote, akampigia Yordani makofi mgongoni, maana mtani hakasiriki. Lakini usiku ule hakula. Kulikuwa na kitu kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakuwa na pa kukitemea, kwa sababu sheria ni sheria.

Akakitemea kwa Jonathan. "Nifungie kile cha kuzima injini," akasema. "Kifiche ambapo hata wewe mwenyewe ukiambiwa ukitoe utalia."

Jonathan akakificha ndani kabisa ya dashibodi. Akamweleza namna kinavyofanya kazi: unabonyeza kwenye simu, amri inasafiri kwa mtandao, gari likishaipokea linasubiri mpaka lipunguze mwendo, ndipo linazima, ili lisiue mtu barabarani. Kuliwasha ni vile vile, unabonyeza.

"Lakini likiwa penye mtandao, mzee. Pasipo na mtandao amri inangoja."

"Ingoje tu," akasema Semboja. "Mimi sina haraka."

Hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa ameweka mzaha wake akiba, na alikuwa anangojea siku ya kuutoa.

*

Siku yenyewe Yordani aliondoka Chanika na mahindi ya Korogwe, baada ya kumtangaza Semboja marehemu kama kawaida. Semboja akakaa barazani na simu. Nukta ikapita Misima vizuri. Ikafika Sindeni ikasimama.

"Haya," akasema Semboja. "Tumeanza."

Ikaendelea kusimama. Akapiga simu, inaita tu. Halafu nukta ikang'oka, na ikaanza kukimbia. Simu ikalia: mwendo umezidi. Ikalia tena. Yordani, ambaye Kenta namba moja ilimjua kwa mwendo wa bibi harusi, alikuwa anaikimbiza kana kwamba amebeba moto. Semboja akatabasamu. Karibu na kuingia Korogwe nukta ikapunguza, ikasita, kisha ikaacha lami, ikakata mstari, ikaingia kushoto kwenye mashamba ya mkonge ya Ngombezi. Simu ikapiga kelele za kutoka nje ya uzio.

"Juzi uliniingiza kwa ng'ombe, leo mkongeni," akasema Semboja. "Leo utalala humo, mpagazi." Akabonyeza. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Nukta ikatambaa kidogo kwenye ile njia ya mkonge, ikateremka bondeni, ikasimama. Ikageuka nyekundu.

Semboja alicheka peke yake mpaka Mama Fatu akachungulia.

Haikuchukua muda simu ikaita. Ni Yordani, upepo unavuma nyuma yake.

"Mla bada, washa gari."

"Gari lipi? Si linakula majani?"

"Muhsin, sikiliza. Nimembeba dada yako. Nimemkuta ameanguka jikoni, mdomo umekwenda upande. Kuna lori la semi limelala barabarani limeziba njia yote, nimekatisha mkongeni. Gari limezima. Bondeni hakuna mtandao, nimepanda kichuguu. Washa gari."

"Innalillahi," akasema Semboja kwa sauti ya msibani. "Na mimi nimefariki leo asubuhi, si umenitangaza mwenyewe? Njoo uchukue koti."

"Naapa kwa Mungu."

"Kama ulivyoapia chatu?"

"Hilaria jirani yake yuko hapa, amempakata kwenye gari. Muulize Hilaria!"

"Nani atamsikia Hilaria na wewe uko kichuguuni? Mpe simu dada mwenyewe."

"Hawezi kusema, Muhsin."

"Ahaa! Maiti yako ya leo hata kusema haiwezi. Umezeeka, mpagazi. Utani wako umechacha."

Akakata. Simu ikaita tena, na safari hii hapakuwa na maneno. Yordani alikuwa analia. Semboja akaiweka simu mezani kwa sauti kubwa ili mkewe naye afaidi.

"Leo analia vizuri," akasema.

Mama Fatu alisimama na bakuli la uji mkononi, akasikiliza. Alikuwa amesikia vilio vya Yordani kwa miaka thelathini, vya kila aina, vya masika na vya kiangazi. "Mpigie dada," akasema.

"Na wewe umeingia mtegoni?"

"Mpigie dada, Muhsin."

Akampigia dada. Iliita mpaka ikachoka. Hilo halikuwa jambo. Bibi Mwanaisha alikuwa akiihifadhi simu yake kwenye kapu la kunde. Mama Fatu akachukua simu yake mwenyewe, akampigia mwanamke mmoja wa Sindeni wanayenunuliana majani ya kisamvu. Hakuongea sana. Alisema ndiyo, akasema saa ngapi, akasema Mungu wangu. Kisha akaweka bakuli la uji chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuliamsha.

"Amebebwa," akasema. "Yordani kambeba mgongoni mpaka garini."

Semboja akabonyeza washa. Duara dogo likazunguka, likazunguka, na maandishi yakatoka: amri imetumwa, inasubiri gari. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa kidole kingine. Akampigia Yordani, hapatikani, kwa kuwa Yordani alikuwa ameshuka kichuguuni kurudi kwa mgonjwa, na chini kule hakuna kinachoingia wala kutoka.

*

Kenta ya Deogratius ilikuwa imerudi Chanika na haijatoka tena. Semboja akapanda, akaiendesha mwenyewe, simu iko kwenye dashibodi na nukta nyekundu ikimtazama. Alipita Sindeni bila kusimama. Mlango wa dadake ulikuwa wazi, na kuku walikuwa wameingia ndani. Simu ikalia: mwendo umezidi.

Alipofika, ile semi ilikuwa kweli imelala, imeziba lami kutoka mtaro hadi mtaro, na watu wamekaa juu yake wanakula miwa. Akaacha gari, akaingia mkongeni kwa miguu na kanzu yake, miiba ya ncha za mkonge ikimchoma mapaja. Mkonge hupandwa kwa mistari iliyonyooka kama ya ramani, na ukiwa ndani yake kila njia inafanana na nyingine. Alipotea, akajikuta kwenye kichuguu, na kutoka juu ya kichuguu akaiona Kenta namba moja bondeni, milango yote miwili wazi, na magunia yake ya mahindi hayajaguswa.

Hapakuwa na mtu. Chini ya usukani plastiki zilikuwa zimebanduliwa na nyaya zinaning'inia, na kwenye nyaya kulikuwa na damu kidogo ya vidole vya mtu aliyetafuta kitu asichokiona. Jonathan alikuwa amekificha vizuri, kama alivyoagizwa. Kwenye kiti kulikuwa na kandambili moja ya Bibi Mwanaisha.

Mtandao wa mkongeni huja na upepo. Semboja akiwa amesimama pale na ile kandambili mkononi, upepo ukapita, na simu ikalia mlio mmoja wa upole. Amri imetekelezwa. Gari linaweza kuwashwa.

Akaingiza mkono, akazungusha ufunguo. Injini ikashika kwa mara moja, ikaunguruma vizuri, haina hata kikohozi. Akasimama kando akiisikiliza inavyochoma dizeli bila kwenda popote. Hakuizima. Akafuata alama za matairi ya trekta zilizokuwa zimepita pembeni.

Trekta ya shamba ndiyo iliyokuwa imewakuta. Wakataji walimpandisha Bibi Mwanaisha kwenye tela, juu ya majani ya mkonge yaliyokatwa siku hiyo, Hilaria amekishika kichwa na Yordani ameshika miguu, na tela la mkonge halijui kukimbia. Walipofika kwenye kambi za Ngombezi, mbele ya nyumba ile ile aliyozaliwa Yordani, dereva wa trekta alizima injini mwenyewe bila kuambiwa. Semboja aliwakuta hapo. Wanawake wa kambini walikuwa wamekwisha kutoa khanga za kumfunika. Hilaria alisimama akampisha. Yordani alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kaegemea tairi la tela, vidole vyake vimefungwa kitambaa. Macho makavu.

Watu wakamwambia Semboja yale ambayo watu husema. Kwamba siku zake zilifika. Kwamba kiharusi hakingoji. Kwamba hata angewahishwa, nani ajuaye. Kule hospitali alikuwepo daktari ambaye angeweza kumjibu kama wangewahi, na Semboja hakumuuliza, wala siku hiyo, wala baadaye.

*

Walimzika Sindeni, kati ya michungwa yake. Watu walikuja kutoka Chanika, Misima na Korogwe, na wengi wao, Mungu awasamehe, walikuwa na hamu. Habari za ahadi ya Yordani zilijulikana mpaka Segera. Walitaka kumwona Mnyamwezi akilala kaburini mwa Mzigua, agome, adai ng'ombe, ashushwe bei mpaka mbuzi, awatukane ndugu mpaka wanaolia wacheke. Shehe wa pale hakuupenda mchezo huo, alikuwa akiukemea kila msiba, lakini siku hiyo hata yeye alisogea hatua moja pembeni kumwachia nafasi.

Semboja alisimama ukingoni mwa kaburi, na moyoni alikuwa akiomba jambo moja tu. Alale humo. Adai Kenta. Adai zote tatu. Aseme, mbele ya watu wote, mla bada kamuua dada yake kwa simu, na watu wacheke kwa hofu, na yeye Semboja acheke nao huku machozi yanamtoka, maana hilo lingekuwa tusi, na tusi lingemaanisha kwamba bado wapo.

Yordani akavua viatu. Watu wakasogea. Akachukua koleo, akajaza udongo pamoja na wengine, kimya, kwa mpango, mpaka tuta likakaa vizuri, akalipigapiga kwa mgongo wa koleo. Hakuingia. Hakudai hata yai.

Ulipofika wakati wa kupeana mikono, alijipanga nyuma ya wageni. Alipofika mbele ya Semboja akainama kidogo, akatoa mikono yote miwili, kama anavyofanya mtu kwa mkubwa asiyemfahamu.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Miaka thelathini, Yordani hakuwahi kumwamkia. Neno lile likaanguka kati yao, na waliokuwa karibu wakatazama chini.

"Marahaba," akajibu Semboja, kwa kuwa mdomo umefundishwa kujibu.

"Pole sana kwa msiba, mzee."

"Tumeshapoa. Yordani..." Akatafuta neno. "Mpagazi. Mbuzi yuko pale nyuma. Nimemfunga kwa ajili yako. Mkubwa."

"Ahsante, mzee. Wageni na wamle." Akatia mkono mfukoni, akamwekea ufunguo kiganjani, akakifunga kiganja kile kidole kimoja kimoja. "Gari nimeliacha kwako. Mafuta yaliisha kule mkongeni, nikaongeza kidogo liweze kufika."

Kisha akavaa viatu vyake, akaenda barabarani, akashika njia ya Korogwe kwa miguu. Semboja alimtazama mpaka akawa mdogo, mdogo kama nukta, na hakukuwa na ramani ya kumwonyesha anasimama wapi.

Jumatatu taarifa ikaja kama kawaida. Sindeni haikuwemo.

Jacob alihamia kwenye malori makubwa. Deogratius akafuata. Kenta mbili zimeegeshwa uani Chanika, na ya tatu inaendeshwa na yeyote anayepatikana. Asubuhi Mzee Semboja hutoka mapema, huketi barazani na koti lake la baridi limewekwa juu ya kiti cha pili, limekunjwa, tayari kuchukuliwa. Hutazama getini. Anangoja mtu aje atangaze kwamba amekufa.

Mama Fatu humletea uji, huondoka. Geti liko kimya. Majirani wamelala.